Namna ya kupata maneno ya sauti zinazotuliwaza: mwongozo kutoka daka la Lamu

Masikio ya bibi yangu yanamwacha kidogokidogo, na sauti zilizotangulia kumtoka ni zile nyembamba. Ndivyo uzee unavyofanya kazi yake. Kwanza hakusikia tena nyenje, halafu ndege wadogo wa asubuhi, halafu makuti yaliyo juu ya paa letu. Ukimsemeza karibu na sikio la kulia anakupata vizuri. Lakini yale yote yanayoendelea pembeni, yasiyomwita mtu kwa jina, kwake yamezimika.

Jioni tukikaa dakani, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, huniuliza kwa Kiamu chake, "Nde kuna nini leo?" Yaani nje. Siku ya kwanza nilimjibu, "Kuna sauti nzuri ya upepo, bibi." Akanitazama kwa muda. "Nzuri vipi, mwanangu? Upepo naujua, wanipiga usoni. Nakuuliza wasemaje."

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa hapa, Kiswahili ndicho nilichonyonya, na bado nilishindwa kusema makuti ya nyumbani kwetu yanasemaje. Mwongozo huu umetokana na jioni nyingi za kumjibu. Utakufaa ukiwa unaandika hadithi au mchezo wa redio, ukiandika maelezo ya sauti chini ya filamu kwa ajili ya viziwi, ukieleza nyumba yako ya wageni, au ukitaka tu kumpelekea ndugu aliye mbali kipande cha nyumbani kwa maandishi.

Hatua ya kwanza: jua ni sauti gani hasa unayoitafutia neno

Kiswahili kimekurahisishia kazi hapa. Tunayo *sikia*, tunayo *sikiliza*, tunayo *sikika*. Sauti ninazozisema ni zile zinazosikika, nawe ukazisikia, bila ya kuzisikiliza. Adhana huisikiliza. Mtu akikupigia hodi humsikiliza. Lakini bahari iliyo nyuma ya nyumba huisikii mpaka siku utakapolala ugenini ukashangaa kwa nini usingizi hauji.

Mtunzi wa muziki wa Kanada, R. Murray Schafer, alizigawa sauti za mahali mafungu matatu: zile za msingi ambazo nyingine zote hukaa juu yake, zile za ishara zinazotaka tugeuke, na zile za alama ambazo mji mwingine hauna. Ukikaa Lamu mgawanyo huo unauona bila ya kufundishwa. Upepo na bahari ni msingi. Adhana na honi ya boti ni ishara. Kwato za punda katika vichochoro vya mawe, mji mzima, asubuhi hadi usiku, hiyo ni alama yetu. Serikali ya Japani mwaka 1996 ilichagua mandhari 100 za sauti nchini kote ili zitunzwe, kuanzia kengele za mahekalu hadi barafu inayoelea baharini. Natamani sana siku moja tufanye hivyo hapa, na ndiyo sababu mojawapo ya kutaka tuwe na maneno. Utatunzaje usichoweza kukitaja?

Jina la kundi lenyewe linasumbua. Wako wanaosema "sauti za nyuma". Mimi nikisikia sauti ya nyuma hugeuka kuangalia nani ananifuata. "Sauti za mazingira" linafaa ripoti, lakini ni neno la ukumbini, halina mtu ndani yake. Nimekaa na *sauti za chinichini*. Lina ule ukaribu wa watu wanaosemezana bila kutaka kumwamsha aliyelala.

Hatua ya pili: kaa robo saa, uandike nani anagusa nini

Usitafute maneno mazuri bado. Kaa mahali pamoja, weka simu mbali, na kila unachokisikia kiandike kwa namna hii: kitu gani kimekutana na kitu gani. Sauti yoyote ni makutano. Kwato juu ya mawe si sawa na kwato juu ya mchanga, ingawa punda ni yuleyule. Sifa zote (nzuri, tulivu, tamu) ziache kabisa katika hatua hii, hata zikikujia zenyewe.

Haya niliyaandika mwezi wa Julai, baada ya laasiri, upepo wa kusi ukiwa umeshika:

Punda, kwato, mawe. Mtoto anaburura champali. Jirani anakuna nazi, meno ya mbuzi ndani ya kifuu. Fundi anakanyaga cherehani. Buibui la mtu anayepita upesi. Makuti kwa makuti. Maji na ngazi za gati, mbali. Mtu anacheka ndani ya nyumba, ukuta katikati.

Huo ukuta uandike pia. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina kuta nene, na sauti inayotoka upande wa pili hufika ikiwa imevuliwa ncha zake zote. Kinachobaki ni unene tu. Kicheko cha ndani na kicheko cha barazani hakifai kuandikwa kwa neno moja.

Hatua ya tatu: tafuta kitenzi, na ukae hapo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Wengi hukwama kwa sababu wanatafuta sifa, na sifa za sauti katika Kiswahili ni chache. Vitenzi ndivyo vilivyojaa. Ukipata kitenzi kilicho sawa, mara nyingi sifa huihitaji tena.

Anza na *kuvuma*. Huu ni mlio wa kitu kinachoendelea bila kukatika: upepo, nyuki, feni, bahari ya mbali. Hauna mwanzo wala mwisho unaoweza kuuonyesha kwa kidole, na ndiyo maana sauti nyingi za kulalia ziko chini ya kitenzi hiki. *Kunguruma* ni kuvuma kulikopandwa na hasira au uzito. Simba hunguruma, radi hunguruma. Ukiandika kwamba mawimbi yananguruma umeshamtoa msomaji usingizini, basi uwe umekusudia hivyo. *Kurindima* kuna pigo ndani yake, pigo nene la ngoma linalofika tumboni kabla ya sikioni. Kisha kuna *kututuma*: maji yanapokaribia kuchemka sufuriani, au radi iliyo mbali sana ambayo bado haijaamua kuja. Mtutumo wa radi ya mbali, wewe ukiwa ndani na nguo zimeshaanuliwa, sijui kama kuna sauti inayoupumzisha mwili kuliko hiyo.

Vitu vikavu vina *kuchakacha*: majani, makaratasi, nguo ngumu, nyayo juu ya makuti yaliyoanguka. *Kutatarika* ni kwa moto wa kuni, mafuta ya kukaangia, mahindi yanayopasuka. *Kualika* ni mlio mkavu mfupi wa mara moja, kama kidole kinapoalishwa. Angalia tu kwamba mwenzake wa kualika harusini ana sura ileile, hivyo jina "mwaliko" litampoteza msomaji. Muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake mkononi, vile vikombe vinaalika.

Maji yana ukoo wake mwenyewe. Hu*tona* yakidondoka moja moja kutoka mtungini. Hu*tiririka* yakienda njia yake. Hu*bubujika* yakitoka kwa kusukumwa. Huu*chapa* ubavu wa mashua. Na kuna ile sauti ya maji yanayopanda polepole kwenye ngazi za gati wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, upepo ukiwa umelala. Hayapigi, hayachapi. Nilihangaika nayo wiki nzima mpaka nikaandika kwamba yana*papasa* ngazi, kama mtu atafutaye kiberiti gizani. Bibi alikubali kwa kichwa.

Kipo pia *kulia*, na wasomi wengine hukidharau kwa kuwa ni cha kila kitu. Ngoma inalia, ndege analia, mlango unalia, mlingoti unalia. Mimi sikidharau. Kitenzi hiki kinakipa kitu roho, na ukikirudufu kikawa *kulialia* kinashuka, kinakuwa cha kunung'unika kidogo: bawaba ya dirisha inayolialia na upepo.

Nenda sasa kwenye miti, kwani ndiyo mtihani mzuri. Upepo mmoja ukipita kwenye mnazi, mvinje na mwembe haukupi neno moja. Mnazi huchakacha, na kwa mtu aliyelala huchakacha sawasawa na mvua. Wageni wengi wameamka kukimbilia nguo kambani wakakuta nyota zimejaa. Mvinje hauchakachi, majani yake ni kama nyuzi. Wenyewe huvuma wembamba, karibu na mluzi. Mwembe una majani mapana mazito, upepo huingia ukakaa ndani, halafu ukatoka wote kwa pamoja. Mwembe hupumua.

Hatua ya nne: geuza kitenzi kiwe jina, pale tu panapohitajika

Kiswahili kina kiwanda chake: chukua kitenzi, weka m- mbele na -o nyuma. Vuma, mvumo. Chakacha, mchakacho. Rindima, mrindimo. Tutuma, mtutumo. Nong'ona, mnong'ono. Dunda, mdundo. Majina haya ni mazuri kwa kichwa cha habari au maelezo mafupi chini ya filamu: *mchakacho wa makuti*, *mvumo wa bahari kwa mbali*. Ndani ya hadithi rudi kwenye kitenzi, kwa sababu jina limesimama na sauti haisimami.

Hatua ya tano: ipunguze, isogeze, iendeleze

Sauti ile ile ikiwa karibu ni kelele, ikiwa mbali ni liwazo. Kwa hiyo kitenzi peke yake hakitoshi. Mpe msomaji umbali, kasi na muda.

Umbali ni rahisi: *kwa mbali*, *ng'ambo ya ukuta*, *chini ya dirisha*, *kutoka upande wa Manda*, kisiwa cha ng'ambo yetu. Kasi hutengenezwa kwa kurudufu: *moja moja*, *polepole*, *kidogokidogo*, *mara kwa mara*. Kitenzi kikirudufiwa hupungua makali; kupiga ni pigo, kupigapiga ni kugusa tu. Tanga lililolegea linapigapiga mlingoti, au tuseme linapapatika.

Muda umo ndani ya kitenzi chenyewe, na hapa waandishi wengi wanaacha mali chini. *Unavuma* ni sasa hivi. *Huvuma* ni siku zote, ndiyo sauti ya msingi. *Ukivuma* ni sauti inayoendelea wakati jambo lingine linatendeka, na kwa kazi yetu hii -ki- ni dhahabu: "Alikuwa akisuka mkeka, makuti yakichakacha." Sauti imekaa pale pale inapotakiwa, pembeni.

Baada ya hapo ndipo uweke sifa, na moja inatosha. Sifa za mkono hufanya kazi kuliko sifa za moyo. Nene, nyembamba, nyororo, kavu, nzito, iliyofifia: hizi mtu anaweza kuzigusa. "Tamu" na "nzuri" ni hukumu, na msomaji hapendi kuletewa hukumu kabla ya ushahidi. *Sauti mororo* waachie waimbaji.

Hatua ya sita: sema inamfanyia nini msikilizaji

Ukitaka uzuri wa sauti uonekane, uweke katika kitendo chake juu ya mtu. Hapa tuna hazina, na kila neno lina mahali pake. *Kutuliza* ni kwa aliyekuwa na wasiwasi. *Kuliwaza* ni kwa mwenye huzuni au upweke. Sauti ya majirani ukutani humliwaza mjane. *Kubembeleza* kuna mkono ndani yake, ni kwa mtoto au kwa anayekataa kulala. *Kutumbuiza* kulikuwa kwa nyimbo, na mawimbi yanaruhusiwa. *Kuburudisha* ni kwa aliyechoka na joto. *Kupumbaza* ni pale sauti inapoyachukua mawazo yako mpaka ukasahau ulichokuwa ukifanya. *Kulaza* sihitaji kukieleza.

Na kipo *kuhanikiza*. Sauti ikijaa mahali pote, kama harufu ya udi inavyojaa chumbani, imehanikiza. Watoto wa chuoni, yaani madrasani, wakisoma kwa pamoja asubuhi, sauti zao huhanikiza mtaa. Neno hili linazeeka bila kutumika, nami nakuomba ulitumie.

Hatua ya saba: tanakali, kwa kiasi

Kitu kikianguka majini ni *chubwi*, kikianguka mchangani ni *tifu*. Mbuzi ya nazi inasema *kwaru, kwaru*. Mitalawanda ya zamani, vile viatu vya mti, bibi huiigiza kwa kugonga meza: *ko, ko, ko*, huku ngazi nzima ya nyumba ikiitika. Tanakali humfikisha msomaji upesi kuliko maelezo, lakini huvuta sikio, na sauti ya chinichini ikishavutiwa sikio si ya chinichini tena. Tumia moja katika ukurasa, mwanzoni, kisha iendeleze kwa kitenzi.

Hatua ya nane: weka saa na msimu

Kaskazi na kusi si upande wa ramani tu. Kusi, inayotoka kusini-mashariki kuanzia karibu na Aprili hadi Septemba, ni pepo yenye nguvu. Makuti hayapumziki na bahari ya Shela, kijiji jirani, inasikika hadi ndani. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ni laini zaidi, na ndipo unapopata nafasi ya kusikia vitu vidogo. Katikati yao, wakati wa maleleji, upepo ukikosa uamuzi, unaweza kumsikia mtu akifunua chungu nyumba ya tatu.

Usiku sauti husafiri mbali. Si kwa sababu ya kimya pekee: hewa iliyo karibu na ardhi inapoa kuliko iliyo juu yake, na tofauti hiyo huipinda sauti irudi chini badala ya kupotelea mbinguni. Ndiyo sababu mashine ya boti iliyo mkondoni huisikia usiku kama iko mlangoni. Ukiandika "kwa mbali, lakini wazi", fikiri kwanza ni saa ngapi katika hadithi yako.

Hatua ya tisa: usizikimbie mashine

Feni, friji, cherehani, hata jenereta la jirani likiwa mbali vya kutosha, ni sauti za chinichini za watu wengi leo. Duniani wanauza sauti za kulalia zenye nguvu sawa katika mawimbi yote tunayoyasikia, na kwa Kiingereza wameziita nyeupe, *white noise*, kwa mfano wa mwanga mweupe unaobeba rangi zote. Zinasaidia kwa kuwa mvumo usiobadilika hufunika vishindo vya ghafla. Tukitafsiri "kelele nyeupe" tunakosea, maana kelele kwetu ni shutuma. Mimi nasema *mvumo wa kulalia*, na kila niliyemwambia ameelewa bila maelezo.

Jirani yetu mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameandika: "Mazingira tulivu yenye sauti nzuri za asili." Tulikaa pamoja tukapata hii: "Alfajiri utaamka na adhana, kisha hua juu ya makuti. Mchana ni kwato za punda chini ya dirisha, moja moja, juu ya mawe. Usiku, maji yakijaa, utayasikia yakichapa ngazi za gati. Umeme ukikatika utasikia na jenereta, nyuma ya kuta mbili." Alisita juu ya jenereta. Nikamwambia alibakishe, kwa kuwa mgeni akiona umesema kweli hapo ataziamini na zile kwato.

Hatua ya kumi: ficha jina la kitu

Huu ndio mtihani wangu wa mwisho, na ni wa bibi. Eleza sauti bila kutaja kinachoitoa, kisha msomee mtu. Akikitambua, maneno yako yamekamilika. Asipokitambua, rudi hatua ya tatu.

Juzi usiku nilimsomea tatu. Ya kwanza: "Kinachakacha, kikavu, kinakuja kwa mafungu, kimeanzia juu na hakigusi ardhi." Akasema, "Makuti. Ingekuwa mvua ungesema kinashuka." Ya pili: "Vinaalika, viwili viwili, na vinasogea." Hakuningoja nimalize. "Kahawa! Mwite."

Ya tatu ilinishinda mwenyewe. Kutoka gatini, mashua zikiwa zimefungwa na maji yakitoka, huja sauti moja nene, ndefu, halafu inakatika, halafu inaanza upya. Nilikuwa nimeandika inakwaruza, nikafuta, inalia, nikafuta. Nikamwelekeza kwa mikono: kitu kinavutwa, kinakaza, kinaachia. Akafumba macho, akasikiliza mahali ambapo kwake hapana sauti tena.

"Ni kamba," akasema. "Kamba hiyo yajinyoosha."

Nikachukua kalamu nikaandika.